MWENZETU AKIUAWA NA KUNDI: TULIE, LAKINI TUSINYAMAZE



Mwezi huu tunaleta jambo zito. Tunaomba lisomwe nyumbani kwa sauti, wazee wakiwapo na watoto wakubwa wakiwapo. Ni juu ya kifo cha mtu anayeuawa na kundi la watu. Si vita, si malaria, si ajali ya boda. Ni watu wa kawaida, wengine tunanunua nao nyanya sokoni, wanakusanyika, wanapiga kelele, na baada ya dakika chache mtu amelala chini, hapumui tena. Kesho yake ukiuliza, "Nani alimpiga?" unajibiwa, "Ni watu." Watu gani? "Watu tu."

Tunataka kuliangalia jambo hili kwa macho ya wale wanaobaki, hasa wenzake wa timu. Kwa nini timu? Kwa sababu kambini timu ni ukoo wa pili. Kijana aliyevuka Ziwa Albert peke yake, bila mama wala kaka, anapata jezi, na pamoja na jezi anapata watu wa kumuuliza, "Mbona jana hukuja? Umeugua?" Kocha anakuwa baba mdogo, kapteni anakuwa kaka. Watoto wa makabila yaliyopigana kule nyumbani wanapasiana mpira hapa. Basi akikosekana mmoja, pengo lake linaonekana kwa macho. Wale kumi waliobaki uwanjani wanalijua.

Sasa kundi likimwua mwenzenu, mnafanya nini? Wengi wetu tunalia, tunachanga, tunazika, halafu tunarudi mazoezini tukiwa kimya. Wengine wenye damu ya moto wanasema, "Twendeni tukawatafute!" Kuna njia ya tatu, ngumu kuliko hizo mbili: kutafuta haki kwa majina, tarehe na ushahidi. Hebu tuone mifano miwili ya kweli. Mmoja ni wa mchezaji mpira, mwingine ni wa mkimbizi mwenzetu. Wote wawili walikuwa vijana wa miaka 24.

Ebossé alifunga goli, nyumbani hakurudi

Albert Ebossé alizaliwa Douala, Kameruni, mwaka 1989. Alikuwa mshambuliaji. Alicheza kwao, akaenda hadi Malaysia, halafu mwaka 2013 akajiunga na JS Kabylie, klabu kubwa ya Aljeria. Msimu wake wa kwanza tu alimaliza akiwa mfungaji bora wa ligi, magoli 17. Mgeni, lugha si yake, lakini mpira ulimpa jina.

Tarehe 23 Agosti 2014 timu yake ilicheza nyumbani, mji wa Tizi Ouzou, dhidi ya USM Alger. Walifungwa 2 kwa 1. Lile goli moja la Kabylie alilifunga Ebossé mwenyewe. Kipenga cha mwisho kilipolia, mashabiki wa timu yake waliokasirika walianza kurusha vitu uwanjani wakati wachezaji wanatoka. Iliripotiwa kwamba kitu kimoja kilimpiga Ebossé kichwani. Alipelekwa hospitali, akafa.

Fikirini wenzake. Waliingia uwanjani pamoja naye, wakashangilia goli lake, na usiku huohuo wakaambiwa hayupo. Na waliorusha vitu vile hawakuwa maadui. Walikuwa watu wa nyumbani, wenye skafu za rangi ileile ya jezi yake.

Ligi ilisimamishwa, uwanja ukafungwa. Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, liliifungia JS Kabylie miaka miwili isicheze mashindano ya Afrika. Kule Kameruni familia haikuridhika. Iliomba mwili uchunguzwe mara ya pili, na daktari aliyeuchunguza alitoa maelezo tofauti na yale ya kwanza: alisema majeraha yalionyesha mtu aliyepigwa, si mtu aliyeangukiwa na kitu kilichorushwa. Aljeria walikataa maelezo hayo. Kwa hiyo juu ya huzuni yao watu wakabeba na swali: mtoto wetu alikufaje hasa?

Hapa kuna funzo la kwanza. Klabu ikiadhibiwa, ni sawa, lakini adhabu ya klabu si hukumu ya mtu. Uwanja hauna mkono wa kurusha jiwe. Mahali ambapo maelfu wapo na hakuna anayesema, "Mimi nilimwona fulani," haki inabaki inazungukazunguka nje ya mlango.

Moïse, mtoto wa Ituri aliyeuawa Brazili

Mfano wa pili uko karibu zaidi na sisi. Wengi hapa Kyangwali tulitoka Ituri, tukapanda mitumbwi, tukashukia Sebagoro, hasa ule mwaka 2018. Familia ya Moïse Kabagambe nayo ilikimbia vita vya Ituri, ila wao walifika mbali sana, Brazili, mji wa Rio de Janeiro. Moïse aliingia huko akiwa bado mtoto. Alikulia huko, akajifunza Kireno, akawa anafanya vibarua kwenye vioski vya pwani ya Barra da Tijuca, vile vinavyouza vinywaji kwa watu wanaokuja kuogelea.

Tarehe 24 Januari 2022 alikwenda kwenye kioski kimoja alikowahi kufanya kazi. Familia yake ilisema alikwenda kudai pesa ya siku alizofanya bila kulipwa. Ulitokea ugomvi. Wanaume kadhaa walimwangusha, wakamfunga, wakampiga kwa fimbo na rungu la kuchezea besiboli, pigo juu ya pigo, hata alipokuwa hawezi tena kujitetea. Akafa palepale. Biashara iliendelea karibu na mwili wake. Mama yake na ndugu zake walipata habari siku iliyofuata.

Wale waliompiga walijitetea kwamba alikuwa amelewa, kwamba alikuwa anasumbua, kwamba alitaka kuchukua pombe kwenye friji. Wasomaji, tusikie vizuri maneno hayo, maana ndiyo maneno ya kila kundi: alikuwa mlevi, alikuwa mwizi, alikuwa mchawi, alikuwa mgeni anayeleta matata. Hata kama lingekuwa kweli, bia ya friji inalipwa kwa roho ya mtu?

Ndugu zake walifanya nini? Hawakwenda kuchoma kioski. Siku chache baada ya kifo chake, familia na Wakongomani wa Rio walikwenda kusimama mbele ya kile kioski, mchana, wakitaja jina lake. Polisi walikuwa na picha za kamera ya kioski chenyewe. Zile picha zilipotoka nje, nchi nzima iliona. Mwanzoni mwa Februari wanaume watatu walikamatwa. Tarehe 5 Februari 2022 watu waliandamana Rio, São Paulo na miji mingine, Wakongomani na Wabrazili pamoja, hasa Wabrazili weusi ambao na wao wanajua uchungu huo.

Halafu ikaja sehemu ambayo magazeti huwa hayaipigi picha: kungoja. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu. Mama alikwenda, akarudi, akaenda tena. Mwezi Machi 2025 wawili kati ya wale watatu walipatikana na hatia mbele ya jopo la raia. Mmoja alipewa kifungo cha zaidi ya miaka 23, mwingine zaidi ya miaka 19. Kesi ya yule wa tatu ilikuwa imetenganishwa na ya wenzake.

Miaka mitatu na zaidi. Moïse hakurudi. Lakini leo mtu akiuliza, "Nani alimpiga?" jibu si "watu tu". Yapo majina, na majina hayo yameandikwa mahakamani.

Kundi linajificha wapi?

Wazee wanasema: wengi wape, usipowapa watachukua. Ni kweli kwa mambo ya mkutano na kura. Lakini uhai wa mtu hauwekwi kwenye kura ya barabarani.

Kundi linajificha mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye wingi wake. Kila mmoja anasema, "Mimi nilipiga kofi moja tu," au, "Mimi nilileta tairi tu, sikuwasha." Ukijumlisha makofi ya moja-moja unapata maiti. Mahali pa pili ni kwenye kimya chetu tulioona. Mama wa duka aliona, akafunga mlango. Kijana wa boda aliona, akawasha pikipiki. Wote si watu wabaya, wanaogopa. Lakini wazee walisema tena: mficha maradhi, kilio humfichua. Kundi lililoua leo bila kuulizwa litakusanyika tena mwezi ujao, na safari hii yule anayekimbizwa anaweza kuwa mtoto wa yule aliyefunga mlango.

Sisi wakimbizi tuko kwenye hatari mara mbili. Ukipita kijiji usichokijua, ukiulizwa kwa lugha usiyoisikia, ukashindwa kujibu haraka, tayari mtu amepaza sauti: "Mwizi!" Neno moja hilo linatosha. Ripoti ya polisi ya Uganda inayotolewa kila mwaka ina hesabu yake maalumu ya watu waliouawa na makundi, na mwaka hadi mwaka ni mamia. Lakini tuseme ukweli wote: hata sisi kwa sisi, humu ndani ya kambi, tunalijua neno hilo na tunajua kulipigia kelele.

Sheria ya nchi hii inasema nini

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema mtu aliyeshtakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka mahakama ithibitishe, au mwenyewe akiri kosa. Haisemi mpaka soko lithibitishe. Kwa hiyo hata mtu akishikwa na kuku mkononi, anapelekwa polisi akiwa mzima.

Sheria ya makosa ya jinai inasema watu wakikubaliana kutenda kosa pamoja na kosa hilo likazaa mauaji, kila mmoja anaweza kushtakiwa kwa mauaji. Si lazima uwe wewe uliyetoa pigo la mwisho. Aliyeshika mikono ya mtu ili apigwe, aliyeleta petroli, aliyechochea, "Mmalize!" wote wanaweza kusimama kizimbani. Vijana, hilo mlishike.

Na je, mkimbizi anaweza kwenda mahakamani? Ndiyo. Mkataba wa wakimbizi wa mwaka 1951 na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 vinampa mkimbizi njia ya kufika mahakamani bila kizuizi. Asikudanganye mtu kwamba eti kesi ni za wenye nchi.

Yakitokea, wenzake wafanye nini

1. Ripotini polisi siku ileile, na mwambieni pia mwenyekiti wa kijiji na ofisi ya OPM. Ulizeni namba ya kesi, muiandike kwenye daftari. Bila namba, kila mara mnaanza upya.

2. Msiharakishe kuzika. Tunajua mila zetu, tunajua uchungu wa mama. Lakini mwili ni shahidi wa kwanza. Ombeni daktari auchunguze na ripoti iende polisi. Familia ya Ebossé ililazimika kuomba uchunguzi mwingine mbali na mahali pa tukio, na majibu yakagongana.

3. Nguo alizovaa msizifue. Fimbo, jiwe, kiatu kilichobaki pale, msiviokote. Waonyesheni polisi.

4. Mwenye video kwenye simu asiifute, na asiisambaze kwenye WhatsApp. Aipeleke kwa mpelelezi kama ilivyo. Mama hapaswi kukutana na kifo cha mwanae kwenye simu ya jirani.

5. Kaeni chini jioni ileile, kila aliyeona aseme, mmoja aandike: saa ngapi, wapi, nani alisema nini, nani alikuwa na nini mkononi. Andikeni ulichoona wewe, si ulichosikia. Msiongeze jina la mtu kwa sababu mna chuki naye ya zamani. Jina la uongo likiingia, kesi nzima inaharibika, na ninyi mnakuwa kundi la pili.

6. Shahidi akitishwa, asikae na siri. Apeleke habari polisi na kwa wafanyakazi wa ulinzi wa wakimbizi, faraghani. Msitaje majina ya mashahidi sokoni wala kanisani.

7. Tafuteni msaada wa sheria. Mashirika kama Refugee Law Project, lililoanzishwa mwaka 1999 chini ya Chuo Kikuu cha Makerere, yanasaidia wakimbizi kwa mambo ya sheria. Ombeni mkalimani kama Kiingereza kinawapiga chenga.

8. Msipokee pesa wala ng'ombe ili mnyamaze. Wazee kupatanisha koo ni kazi nzuri, tunaiheshimu, lakini mauaji ni kesi ya Serikali. Hayafutwi kwa mbuzi.

9. Mtuhumiwa akitoka kwa dhamana, msichemke. Dhamana si msamaha, kesi bado inaendelea. Wengi wanakata tamaa hapo, mashahidi wanaacha kwenda, halafu kesi inakufa kwa kukosa watu. Timu ipange zamu: leo wawili wanamsindikiza mama mahakamani, safari ijayo wawili wengine.

Matanga ya timu

Kutafuta haki hakuondoi kilio. Wanaume wengi, hasa vijana, wanafundishwa kwamba machozi ni ya wanawake. Matokeo tunayaona: mwingine anaanza kunywa, mwingine anagombana na kila refa, mwingine haji tena uwanjani. Kocha, waite. Wakae, wamtaje jina, waseme alivyokuwa: alivyopenda kuchelewa, alivyokuwa anaazima viatu na kurudisha vimechanika, alivyocheka. Mtu aliyekufa kwa aibu ya barabarani anahitaji kurudishiwa heshima yake. Wale waliompiga walimwita mwizi au mbwa. Timu imwite kwa jina lake.

Mnaweza kuiweka jezi yake pembeni, asiivae mwingine msimu huo. Mnaweza kusimama dakika moja kabla ya mechi. Mnaweza kumlimia mama yake shamba, maana mkono uliokuwa unalima umekatwa. Familia ya Moïse ilifungua kioski cha kumkumbuka katika bustani ya Madureira, Rio, mwaka uleule wa 2022, wakauza vyakula vya Kiafrika. Jina lililozimwa kwenye kioski kimoja likaandikwa kwenye kioski kingine. Hayo nayo ni matanga.

Na kisasi je? Ndugu zangu, kisasi kinaua mara mbili. Mkienda usiku kumpiga mmoja wa wale, polisi watawakamata ninyi, na yule muuaji atakaa kizimbani kama shahidi dhidi yenu. Mama aliyempoteza mmoja atawapoteza watano.

Siku tukijikuta sisi ndani ya kundi

Tumesema mengi juu ya "wao". Tumalize na sisi. Siku moja utasikia kelele, "Mwizi! Mwizi!" na miguu itataka kukimbia kwenda kuona. Kabla hujaokota kitu, uliza kwa sauti kubwa: "Nani ameibiwa? Ameibiwa nini? Nani amemwona?" Mara nyingi hakuna anayejua. Piga simu polisi. Mwite mwenyekiti. Mkiwa watatu wenye akili mnaweza kumzunguka mtu yule na kusema, "Huyu anakwenda polisi, hapigwi." Mkiona hamuwezi, basi angalau angalieni vizuri, mkumbuke, na kesho mseme.

Huyo mnayemzunguka huenda ameiba kweli. Sawa, atafungwa. Na huenda ni mchezaji wa timu ya kambi nyingine aliyepotea njia akitoka mazoezini, na wenzake wanamngoja.

Ya kuzungumza nyumbani

Wazazi, muwaulize watoto, na ninyi mjibu bila kuficha:
– Uliwahi kuona mtu akipigwa na kundi? Ulifanya nini?
– Katika nyumba hii, nani anajua namba ya simu ya polisi na ya mwenyekiti?
– Mwenzako akiuawa na ukamwona muuaji, nini kitakuzuia kusema? Tunaweza kukusaidia namna gani?

Kwa familia zote zilizopoteza mtu kwa njia hii, kule tulikotoka au hapa tulipo, kijarida chenu kinasema poleni sana. Mungu awape nguvu za kulia, na nguvu za kusema.